Miwani ya Profesa

"Bado kuna ukungu," Profesa alisema, akavua ile miwani kubwa na kuipapasa meza kabla ya kuiweka.

Mama wa mgonjwa aliigeukia tena kompyuta yake. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa hospitali hiyo hiyo. Manesi walimwita Fundi Miwani. Kazi yake ilikuwa kuchukua picha za kichwa zilizopigwa na mashine na kuzigeuza ziwe umbo ambalo daktari, akivaa miwani, analiingia na kulizunguka kabla hajashika kisu. Safari hii kichwa kilikuwa cha bintiye.

Uvimbe ulijibana katikati ya mishipa, na Profesa hakubali kupasua mpaka picha imridhishe. Mara inachelewa, mara ina ukungu. Basi Fundi akahangaika kuiharakisha. Akaiamuru kompyuta iruke kila penye uwazi, isipoteze nguvu kuchora hewa. Ukungu. Akaiamuru ichore kwa makini pale tu jicho linapotazama, kwingine ichore juu juu. Kila akibadilisha kitu, miwani inabaki giza tupu mpaka abonyeze "Anza". Akivaa yeye, picha inateleza kama maji. Akivaa Profesa, ukungu. Na asubuhi hiyo mtoto alikuwa amemwita mama yake "shangazi".

"Profesa, mwanangu anakwisha," alisema. "Kama hapa imeshindikana, niruhusu nimpeleke kwa yule mwanafunzi wako anayepasua vichwa siku hizi."

Uso wa mzee ulibadilika. Tangu lini mwanafunzi akamrithi mwalimu aliye hai? Mikono ile ilifungua vichwa vya watu kabla kijana huyo hajazaliwa! Akamwambia arekebishe, yeye anangoja hapo hapo.

Fundi akapunguza hiki, akafuta kile, akaiwasha programu upya. Mara nesi akaingia mbio: mtoto ameanza kutapika, hali si nzuri. Fundi akasimama, akili imemruka. Alipogeuka, Profesa alikuwa keshavaa miwani, anazungusha kichwa taratibu, kushoto, kulia.

"Eeh, sasa naona," alisema. "Uvimbe ule pale, mishipa yote wazi. Mtayarisheni mtoto."

Fundi akaangua kilio cha furaha, akambusu mikono. Kweli Mungu si Athumani. Nesi akamshika mzee kiwiko, kama kawaida yao, wakatoka kuelekea chumba cha upasuaji.

Fundi akajifuta machozi, akarudi mezani kuzima kompyuta. Kitufe cha "Anza" kilikuwa bado kinamsubiri akibonyeze.