Waridi Lenye Dhamana

Kanga ya kwanza ilishachanikia kwenye miiba, na sasa Conjesta alikuwa ametandaza ya pili juu ya vijiti vinne, kulikinga waridi na jua. Yeye mwenyewe alichuchumaa pembeni, kichwa wazi. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa tano, na ukuta mweupe wa ile nyumba mpya ya Mabela, kitongoji cha Maskati, ulikuwa ukirudisha joto kama mlango wa tanuri.

"We Conjesta, hilo ua limekuzaa?" Nabaggala, msichana wa Kiganda anayefanya kazi nyumba ya pili, alikuwa amepanda juu ya ndoo akichungulia. "Mimi hata mama yangu sijawahi kumfunika hivyo."

"Hebu niache. Alhamisi linang'olewa."

Waridi lenyewe si lile la kusimama likajivuna. Lilikuwa la kutambaa, la kufunika mchanga, majani yake madogo yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Shaikha, mwenye nyumba, alilileta mwezi wa kumi na moja, wiki ile ile Conjesta alipofika kutoka Bukoba kupitia ofisi ya wakala wa wafanyakazi wa ndani. Alimkabidhi mkononi na udongo wake.

"Hii yako, Konjesta. Haitaki kazi. Panda, mwagia, sahau."

Shaikha alizaliwa Maskati. Kiswahili alikiokota kwa bibi yake aliyetoka Unguja, na maneno anayo tele, ila kwake yeye karibu kila kilichopo duniani ni hii. Hii kiti, hii maji, hii viatu. Hata mumewe: "Hii Hatem imelala, msigonge milango." Conjesta na Nabaggala walikuwa wakilisimulia hilo ukutani mpaka machozi yanawatoka.

Lakini Jumapili hakucheka. Alikuwa anakunja mashuka, akamsikia Shaikha anazungumza na dada yake kwenye simu. Hao wawili hutumia Kiswahili wasipotaka watoto waelewe.

"Hainifai, dada. Walinambia ngumu, inastahamili. Wapi! Jua likipiga kidogo, inalala. Kutwa inakunywa maji tu. Juzi nimeiona imeinama pale ukutani, nkasema, wallah, hii itanifia. Dhamana yake miezi sita, inakwisha wiki hii. Alhamisi Hatem ataipeleka kule kule tulikoitoa, watupe ingine."

Conjesta akabaki na shuka mkononi. Kumbe hata waridi lina dhamana? Ni kweli lilikuwa limeinama, na majani ya chini yalishaanza umanjano. Lakini katika nyumba ile yote, vyumba tisa na majiko mawili, hilo ndilo pekee aliloambiwa ni lake. Alfajiri alilisalimia kwa Kihaya, maana hakuna mwingine wa kusalimiana naye kwa Kihaya. Likiondoka hilo, ataamka amsalimie nani?

Basi akaanza kupigana na muda. Maji ya bomba mchana huwa ya moto wa kuchemshia chai, yanaunguza mizizi. Akawa anayakinga kwenye ndoo tangu jioni yapoe. Aliligeuza jani moja moja akiliosha kwa chini, kuwatoa wale wadudu wekundu wadogo kama punje za pilipili ya unga. Akafunika mchanga kwa nyuzi za mtende. Akakata vijiti vilivyokauka kwa mkasi wa jikoni na kuurudisha kabla haujatafutwa.

Na jua? Jua hakuliweza. Lilipanda kila siku kama jana yake. Yeye mwenyewe lilimpiga, kichwa kikawa kinagonga, macho yanaona giza. Alikunywa jagi zima la maji na kiu haikuisha. Mara mbili aliegemea ukuta mpaka dunia ilipotulia.

Jumatano akajipa moyo, akasimama mlangoni pa sebule.

"Madam, kuhusu hiyo Alhamisi..."

Shaikha akashtuka, akaiweka simu chini. "Umesikia?"

"Nimesikia. Nisamehe. Naomba mwezi mmoja tu, madam. Ni joto hili, halijazoea. Litakaa sawa."

"Joto ndiyo kwanza linaanza, Konjesta." Shaikha akawa anavuta uzi wa mto. "Si kosa lako. Wala mimi siyo mbaya. Lakini dhamana ikipita, hakuna atakayenisikiliza. Na Hatem kishazungumza nao. Khalas."

Conjesta akarudi jikoni. Akachukua ndoo, akaanza kukinga maji.

Alhamisi alipotoka, hakuamini. Maua sita yalikuwa yamefunguka, ya rangi ya waridi hasa, yamelala juu ya mchanga kama yaliyopangwa kwa mkono, na machipukizi nyuma yake hayahesabiki. Aliondoa kanga, akang'oa vijiti, akafagia pande zote. Kisha akasimama mbele ya ua lake na kusubiri gari.

Likaja saa nne. Shaikha akashuka, akapiga hatua mbili, akashika mdomo.

"Mashallah! Hii imefufuka!"

"Sasa linabaki, madam?" Conjesta akauliza. "Halirudi tena?"

"Hii?" Shaikha akamtazama kwa mshangao. "Irudi wapi? Hii inabaki hapa hapa."

Conjesta akafunika uso kwa viganja viwili, akacheka na kulia kwa pamoja. Alipoviondoa, mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi na msichana mmoja anashuka, mnene wa mikono, kitambaa kipya kichwani, begi dogo amelikumbatia kifuani.

"Ioneshe hii mpya jiko lilipo," Shaikha alisema, macho yake bado kwenye maua. "Kisha kalete begi lako, Konjesta. Hatem hajazima gari."