Goti la Nakijwa

Nakijwa alirudi kutoka uwanjani akichechemea, akajibwaga mkekani. Bibi wa miaka sabini, na bado anashindana mbio kwa niaba ya Sekondari ya Mrindoni, iliyofungwa zamani! Lakini afanyeje? Sheria ya ligi ya kanda haina huruma: shule ikiishiwa wakimbiaji, ushindi wake wote huhamishiwa kwa mpinzani, na majina ya marehemu waliokimbia kwa niaba yake hufutwa.

Mpinzani aliyebaki ni mmoja, Sekondari ya Kwamsangi. Mkimbiaji wake wa mwisho ni Mbonea, mumewe, ambaye sasa alikuwa akimchua goti kwa mafuta ya nyonyo.

“Mama Navoneiwa, si upumzike mwaka huu?”

“Anza wewe, Baba Navoneiwa.”

Mbonea akacheka, akabonyeza. “Hapa panauma?”

Palimuuma hasa. Nakijwa akamtazama usoni, asijue mumewe anaombea jibu gani.

“Hapana,” akasema.