Chai Juu ya Madigadi

"Fundi, nikisimama tu, gari linatetemeka kama lina homa," alisema Bi Mwanasha, mwenye pikapu. Fundi Shekue aliitikia kwa kichwa. Hakusikia neno. Masikio aliyosifiwa kwayo mji mzima yalikuwa yameziba tangu masika, na hakuna aliyejua.

Aliiacha injini ikiunguruma, akaweka kikombe chake cha chai juu ya madigadi, akachomoa waya wa plagi moja. Chai ikazidi kutetemeka. Plagi hiyo ilikuwa nzima. Akaurudisha, akachomoa wa pili: vilevile. Wa tatu, chai haikubadilika hata kidogo.

"Mbovu ni hii," akasema, jasho likimtiririka.

Alipogeuka, Bi Mwanasha alikuwa anakitazama kikombe. Kisha akamtazama usoni, akaanza kusema upya, polepole, akiumba kila neno kwa midomo.