Hatia ya Punda Mstaafu

Itangazwe kwa wote wenye masikio, marefu kwa mafupi, kwamba punda wa boma hili amepatikana na hatia ya kumuua Babu, na kwamba atauawa leo kabla ya chakula cha mchana.

Hukumu iliposomwa, mshtakiwa alikuwa anatafuna ufagio.

Aliitwa Mstaafu. Majina yote ya pale aliyatoa Babu, fundi saa aliyepofuka uzeeni. Bata bukini alikuwa Mwalimu wa Zamu, kwa sababu alimkagua kila mgeni kuanzia viatuni na hakuridhika na yeyote. Mbuzi alikuwa Wakili: ukimfukuza kwenye mboga anakwenda hatua tatu, anasimama, anatoa hoja, anarudi. Jogoo, Karani, aliwahi kazini kuliko wote, na akishafika hakuonekana akifanya lolote.

Baba mdogo, aliyewalisha wote hao, alikuwa na sheria moja. "Hapa si nyumba ya wazee. Mnyama asiye na kazi anakwenda kwa mnunuzi wa ngozi."

Mstaafu hakuweza tena kuvuta mkokoteni. Kazi yake ilibaki moja. Kila siku saa nane mchana alilia kudai pumba zake, kwa sauti ya lango la chuma linalofunguliwa na mtu mwenye hasira. Babu akisikia hivyo, pale kwenye kiti chake barazani, alitia mkono mfukoni akameza kidonge chake cha moyo. Kimoja kwa siku. Daktari alikwisha kuonya kwamba viwili vingeweza kuusimamisha.

"Baba, hicho kikopo niachie mimi," Shangazi alimwambia siku moja.

"Nimetengeneza saa miaka arobaini, mwanangu. Zote zilidanganya. Punda hajanidanganya hata siku moja. Wewe jana uliniambia chai inakuja, nikangoja mpaka nikasahau ninangoja nini."

Hilo la kusahau lilikuwa kweli. Siku hizo aliuliza jambo, akajibiwa, akauliza tena. Kati ya kumbukumbu yake na punda, alimwamini punda.

Jumanne, baada ya kidonge, alisinzia palepale kitini. Saa kumi mlio ukasikika tena, mrefu, wenye madaha, ukaishia kwa kitu kama chafya. Shangazi akacheka peke yake jikoni. Bibi alikuwa uani anaanika nguo.

"Mama watoto," Babu akamwita. "Nimeota punda amelia, kumbe ndiyo kwanza analia."

"Ndoto za mchana hizo, mzee wangu," Bibi akajibu, vibanio vya nguo vikiwa mdomoni.

Hakugeuka. Shuka lilikuwa zito, na upepo ulikuwa unalivuta.

Jua lilipozama Babu alikuwa bado kitini, kidevu kimelala kifuani, na Mwalimu wa Zamu amesimama mbele ya viatu vyake bila kuvidonoa. Daktari alivimwaga vidonge mezani, akavihesabu, akavihesabu tena. Kimoja kilikuwa kimepungua kabla ya siku yake.

Waombolezaji walikuja, wakala, wakaondoka. Bibi hakula. Alikaa kwenye kiti kile na kusema neno lilelile.

"Ningegeuka tu."

Baba mdogo hakuweza kulivumilia. "Si wewe, mama. Ni yule pale. Miaka yote anakwenda sawasawa, siku moja tu anaharibu."

"Na anajua alichofanya," Shangazi akasema. "Tangu siku ile umemsikia? Kanyamaza kama mwizi."

Bibi alimtazama punda kwa muda mrefu. "Mwondoeni," akasema. "Akilia tena saa nane, mimi namfuata mzee."

Basi akaitwa daktari wa mifugo, akaja na sindano ndani ya mkoba. Wakili akajisimamisha kati yake na mshtakiwa, akatoa pingamizi ndefu, akaburutwa nje kwa pembe.

Daktari wa mifugo alikuwa mtu wa utaratibu. Hamdungi mnyama ambaye hajampima, hata anayekwenda kufa. Akatazama macho. Akatazama meno, akachomoa njiti za ufagio. Akapapasa chini ya koo, akarudia, akaiweka sindano juu ya mkoba.

"Hapa palimpata nini?"

"Kamba," Baba mdogo akasema. "Alijinyonga kidogo kwenye uzio mwezi uliopita. Alipona."

"Ilipona ngozi. Ndani kumepondeka. Kula atakula, hata huo ufagio. Kulia, hapana. Huyu hajatoa sauti tangu mwezi uliopita."

Baba mdogo akacheka kicheko kibaya. "Daktari, tumemsikia kila siku mpaka mzee alipofariki."

"Mmemsikia nani?"

Bibi akainua kichwa, akanitazama mimi, mjukuu wake, niliyerudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa kosa la kuigiza sauti ya mkuu wa shule.

"Bibi," nikasema, "zile za saa nane nililia mimi, ili Mstaafu asiuzwe kwa mnunuzi wa ngozi. Ile ya saa kumi nilitaka tu mcheke."