Chai ya Jaji

Saa kumi na moja alfajiri, Noreen Pascoe alikuwa amesimama mbele ya mlango uliofungwa wa ukumbi wa maonyesho ya Tarwinga, keki ya matunda mkononi, ili apewe namba moja. Keki hupangwa mezani kwa namba, bila majina, na jaji huonja kuanzia mwanzo wa meza. Mwaka huu ilikuwa lazima keki ya Noreen iwe ya kwanza.

Kwa miaka kumi na mmoja mfululizo alikuwa amepata utepe mwekundu, wa mshindi wa pili. Ule wa buluu ulikwenda kwa jirani yake, Glenys Kopp, ambaye kila mara alimpigapiga begani na kumwambia asikate tamaa. Angeweza kuusamehe utepe. Ule mkono begani, hapana. Na keki yake ilikuwa tamu kuliko ya Glenys, mtaa mzima ulijua hilo, kwa kuwa mama yake alimwachia siri ya kuongeza kikombe kizima cha sukari. Mumewe, Des, alizoea kusema kwamba sukari ile ingeficha hata ladha ya gundi.

Dawa ya Glenys ilipatikana uani. Des, ambaye daktari amemkataza sukari, hutafuna majani ya mmea unaotambaa kwenye uzio wao ili asitamani biskuti. Ukiyatafuna, kwa zaidi ya nusu saa sukari huwa mchanga mdomoni. Des alimweleza mkewe kwamba ulimini kuna vipokezi, tuseme viti, ambavyo utamu huja ukavikalia. Majani yakiwahi viti, sukari haina pa kukaa.

"Basi keki ya Glenys itasimama," alisema Noreen.

"Una roho mbaya, mama," alisema Des. Lakini ni yeye aliyekwenda kuchuma.

Saa nne jaji aliingia. Bi Enid Tranter alikuwa mwanamke mkavu, asiyetabasamu, aliyehukumu keki za Tarwinga miaka yote hiyo. Kila mwaka, kabla ya kushika kisu, alitoa kikopo mkobani na kutia kitu mdomoni. Watu walisema ni peremende ya kusafisha kinywa. Safari hii aliufungua mkoba, akaguna, akaufunga.

Akaonja namba moja. Akafumba macho. Akachukua kipande cha pili, kisha akaandika kwa wino, akaandika tena. Noreen, aliyejitolea zamu ya chai, nusura alie nyuma ya birika. Kabla jaji hajafika namba mbili, alishampelekea kikombe.

"Chai ya rangi, Bi Enid. Nimeikoleza kidogo, iondoe ladha ya iliyopita."

Bi Enid akapiga funda, akasita. Akaizungusha mdomoni, shavu hili na shavu lile, huku akimtazama Noreen. Kisha akaimaliza yote, akaomba kikombe kingine.

Kuanzia hapo alitafuna keki za watu kana kwamba anatafuna godoro. Ya Glenys, namba nne, aliitafuna muda mrefu kuliko zote, macho wazi, uso mkavu. Noreen alimwonea Glenys huruma kidogo, na akaanza kupanga bega gani atampigapiga.

Mwisho wa meza, Bi Enid alirudi namba moja, akaonja tena. Noreen hakuhangaika sana, maana alama zilikwisha kuandikwa.

Tepe zikabandikwa. Noreen alisoma mara tatu. Wa buluu, namba nne. Mwekundu, namba moja. Glenys alikuwa tayari njiani kuja kwake, mkono juu.

Noreen alikimbilia meza ya chai akaanza kuosha vikombe visivyo na uchafu. Bi Enid akamfuata huko huko, akainama karibu na sikio lake.

"Majani yale umeyatoa wapi, mwanangu?"

Noreen alijua amekwisha. Kwa sauti ndogo akakiri kwamba ni ya uzioni kwake.

"Mmea wangu umekufa na ukame," alisema Bi Enid. "Sikubaki hata na jani moja la kutia kikoponi. Sukari ni mwongo mkubwa, mwanangu. Ukiifukuza mdomoni ndipo unajua nani kaoka na nani kazidisha magadi. Leo nimeanza na ulimi mtupu, nikadanganyika kama mtoto, ikabidi nirudi kukata alama." Akamshika Noreen mkono, na kwa mara ya kwanza Tarwinga ikamwona akitabasamu. "Umeniokoa. Bila chai yako, utepe wa buluu ungekwenda namba moja."