Kikombe cha Baba

Kikombe kilikuwa hakijafika hata nusu, na mtoto alishaamka. Mama yake alimpa mgongo, akaendelea kukamua ziwa kwa vidole viwili, taratibu, asimwage hata tone. Nyuma yake mtoto alitambaa mkekani akimwita kwa lugha yake ya miezi minane.

"Hii si yako," alimwambia, macho ukutani. "Yako imo kwenye chupa."

Kwenye chupa ya chai mlikuwa na uji wa ulezi. Kwenye kikombe, kile cha bati chenye ukingo wa bluu, mlikuwa na dawa ya babu yake.

Babu alikuwa fundi saa. Miaka thelathini aliinamia vyuma vidogo kuliko punje ya mchele, mpaka tumbo lilipoanza kumla kwa ndani. Hospitali walimpiga picha, wakamwita binti yake pembeni, wakamwambia amrudishe tu nyumbani. Ndipo mwenzake wa kazini kwa dobi, pale binti anaposimama kutwa akipiga pasi mashuka ya watu, alipomnong'oneza habari ya maziwa ya mama. Alisema yalimwinua mjomba wake kitandani. Kikombe kimoja kila asubuhi, siku arobaini, ila yasigawanywe. Mtoto akionja tu, dawa imeharibika.

Mtoto aliachishwa ziwa siku hiyohiyo.

Shangazi, anayekaa chumba cha pili, alipopata habari alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Huyo ni kaka yangu, tumbo moja. Usinifundishe kumpenda. Lakini unamnyang'anya anayekuja, unampa anayekwenda?"

"Haendi popote, shangazi."

Fundi mwenyewe alikataa siku mbili nzima. Alibana midomo kama mtoto anayepewa kwinini. Siku ya tatu alimtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka.

"Haya, lete," akasema. "Ila sinywi mbele yako. Mzee mzima, binti yake anamtolea macho? Weka hapo kwenye stuli, uende zako kazini."

Binti akaona baba yake ana haki ya kuona haya. Tangu hapo kila asubuhi aliweka kikombe stulini, akakifunika kwa kisahani, na kando yake chupa ya uji na kijiko cha mtoto. Mjukuu abaki naye, fundi alisema, wasumbuane wenyewe kwa wenyewe. Shangazi angepita adhuhuri kumbadilisha nepi.

Jioni alikuta vyombo vyote viwili vikavu.

"Mtoto amekula?"

"Uji si umeisha, huoni?"

"Na wewe umekunywa?"

"Kikombe si kitupu, huoni?"

Akimpa mtoto vijiko viwili vya uji wa jioni, mtoto alivitema, akalala. Ameshashiba, mama yake alijiambia.

Wiki ya pili fundi aliketi kitandani bila kushikwa. Binti alikaribia kulia. Alipomfuta masharubu alikuta kitu cha kahawia kimegandia, akatoka kwenda kumgombeza shangazi kwa kumpa mgonjwa kahawa.

"Kahawa gani?" shangazi akauliza. "Mimi nina kahawa?"

Siku hiyo fundi alikuwa mchangamfu. "Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nina saa haina mishale, lakini ikicheleweshwa dakika tano, mtaa mzima unajua."

Binti alifikiri mpaka akachoka, akampa mji.

"Mtoto mwenye njaa," akasema fundi.

"Mbona hii ya kwetu siku hizi iko kimya?"

"Hii iko kwa fundi."

Wakacheka wote wawili, na mtoto naye akacheka, ingawa hakujua cha kuchekea.

Siku ya thelathini na moja shingo ya fundi ililegea. Mikono iliyozoea kushika vyuma vya saa ikawa inahangaika hata kuvuta shuka. Binti alizidi kukamua kila asubuhi, mpaka ziwa likamvimba na kuuma, ilimradi kikombe kisipungue.

"Bado siku tisa, baba. Usinivunjie dawa."

"Tangu uanze," fundi alisema polepole, "halijapotea hata tone moja. Hilo nakuapia."

Siku ya thelathini na nane walimfuata kazini, pasi ikiwa bado na moto mkononi. Alimkuta baba yake amelala kiubavu kwenye ukingo wa kitanda, mkono mmoja umening'inia mpaka mkekani, na mjukuu ameshika kidole chake kimoja.

Walimzika kesho yake. Waombolezaji walipokwisha kuondoka, ndani mkabaki watatu, na mmoja wao analia mtaa mzima unamsikia. Shangazi alimpakata, akampa uji, akautema. Akampa tena, akakipiga kijiko teke.

"Makubwa haya," shangazi akasema. "Wiki tano zote anakula uji, leo ndio haujui?"

Mama yake alikuwa amekaa chini, gauni limelowa kifuani, maziwa yanamtoka yenyewe bila kuitwa, naye hana hata nguvu ya kujifuta.

"Zilibaki siku mbili," alisema. "Siku mbili tu, shangazi."

Alinyoosha mkono kwenye stuli, akachukua kikombe ili akakitupe, asikione tena.

Mtoto alipouona ukingo wa bluu, alinyamaza. Alijichomoa mapajani mwa shangazi, akatambaa moja kwa moja mpaka kwenye kitanda kitupu, akasimama kwa kushikilia ukingo wake. Kisha akainua kidevu, akafungua mdomo, akangoja.