Mbweha Asiyeshtuka

Magenge mawili ya fisi yalipogombania bonde, wenyeji na wakimbizi wa ng'ambo walirundikana kwa Kanga, aliyewagawia mtama bila kumuuliza mtu kwao wapi. Mchana mmoja akaja Mbweha, anachechemea.

“Nisitiri, dada. Nimefukuzwa shimoni.”

Kanga alimpa mtama, ila akamshuku. Akakanyaga kijiti kikavu makusudi. Ta! Digidigi na Sungura wakatimka, hata Kobe akajikokota kichakani. Mbweha akaendelea kutafuna.

“Kaka, wewe hukimbii?”

“Nikimbie nini? Wale hawaji mpaka jua lizame.”

 Kanga alifunga mtama, akahama na watu wake saa ile ile.

Jua lilipozama, fisi walimkuta Mbweha peke yake. Na fisi mwenye njaa hana swahiba.